Laptopu ya kutembea nayo kila siku: ipi inavumilia daladala na bodaboda?

Mdogo wangu yuko chuo, anakaa Mbagala. Kila asubuhi anatoka na begi mgongoni, anagombania daladala, anasimama mpaka anakoshuka, na akiwa amechelewa anamalizia na bodaboda. Jioni hivyo hivyo. Ndani ya begi kuna madaftari, chupa ya maji, chaja, siku nyingine hotpoti ya chakula, na laptopu.

Laptopu yenyewe tulimnunulia mpya, ya boksi, inchi 15, inang'aa kama kioo cha saluni. Tulichanga kifamilia, laki saba na kitu. Muhula wa pili haujaisha, kona ya kushoto ikaanza kuachia. Ukiifungua inalia "kra". Wiki mbili baadaye mfuniko ukaachama kama kiatu kilichoachia soli, na kioo kikaanza kupiga mistari.

Nilipoipeleka kwa fundi hakushangaa hata kidogo. Aliitazama mara moja tu akasema, "Kaka, hii haijaanguka. Hii imekufa kwa kufunguliwa na kufungwa." Pembeni ya meza yake zilikuwepo nyingine nne zenye ugonjwa uleule.

Wengi wetu tukienda kununua laptopu tunauliza RAM ngapi, prosesa gani, inakaa na chaji saa ngapi. Maswali mazuri tu. Lakini kama wewe ni mtu wa kubeba laptopu kila siku, nyumbani kwenda kazini au chuoni, swali la kwanza lingekuwa hili: mwili wake utavumilia? Na jibu lake mara nyingi haliendani na bei, wala na jina kubwa lililoandikwa kwenye mfuniko.

Kinachoziua siyo kuanguka

Tunaogopa sana laptopu kuanguka. Kweli, ikidondoka vibaya imekwenda. Lakini mtu anaweza kukaa miaka mitatu bila kuangusha laptopu hata mara moja, na bado ikamfia. Vitu vinavyoimaliza taratibu ni bawaba, mbano, mtikisiko na maji.

Tuanze na bawaba, au hinji kama mafundi wanavyoziita, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Bawaba yenyewe ni chuma, na mara nyingi haivunjiki. Tatizo ni mahali ilipofungwa. Kwenye laptopu nyingi za bei rahisi, skrubu za bawaba zinaingia kwenye vinati vidogo vya shaba ambavyo vimezamishwa ndani ya plastiki. Ile plastiki ndiyo inayobeba kazi yote. Kila ukifungua mfuniko, bawaba inavuta vile vinati kwenda juu. Ukifunga, inavisukuma chini. Fanya hesabu ya mara kumi kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka: hizo ni mara elfu tatu.

Kadiri siku zinavyokwenda bawaba inakaza. Inahitaji nguvu zaidi kugeuka, na nguvu hiyo inaishia kwenye plastiki ileile ambayo nayo imeanza kuchoka. Siku moja kinati kinang'oka. Ukiendelea kuifungua hivyo hivyo, na wengi tunaendelea, bawaba inainua kona nzima ya mwili wa laptopu. Waya wa kioo unapita hapo hapo kwenye bawaba. Ukibanwa au kukatika kidogo, kioo kinapiga mistari, kinawaka na kuzima, halafu unaambiwa ununue kioo kipya wakati kioo chako hakina shida yoyote.

Kuna tabia moja inayoharakisha haya yote: kufungua laptopu kwa kushika kona moja. Ukivuta kona ya kulia, bawaba ya kulia inabeba mzigo wa mbili, na mfuniko mzima unajikunja. Shika katikati. Ni jambo dogo na ni la bure.

Ukishachelewa, fundi ana njia mbili. Atajaza gundi ya epoksi ili kinati kirudi mahali pake, au atatoboa mfuniko tundu hadi nje na kupiga bolti. Zote zinafanya kazi kwa muda. Dawa kamili ni kubadilisha kasha lote la sehemu hiyo, na hapo ndipo utagundua kuwa kasha la laptopu yako ya bei rahisi halipatikani mjini, au linauzwa bei inayokufanya ukae chini kwanza.

Mbano wa kwenye begi

Umeshawahi kusimama kwenye daladala saa moja asubuhi, begi umelivaa mgongoni au umelihamishia kifuani, na mtu mwenye kilo tisini akakuegemea? Laptopu yako nayo imeegemewa.

Kioo cha laptopu ni kioo kweli, chembamba, na nyuma yake kuna mfuniko tu. Mfuniko ukiwa laini, mgandamizo wote unapita moja kwa moja mpaka kwenye kioo, na kioo kinakwenda kugusa kibodi. Ukiona kwenye skrini yako kuna alama hafifu zinazofanana na mistari ya vitufe, ujue vitu hivi viwili vimekuwa vikikutana ndani ya begi.

Kibaya zaidi ni chaja. Kile kitofali cha chaja ukikiweka mfuko mmoja na laptopu, upande wa mfuniko, umeweka jiwe juu ya kioo. Yule wa kilo tisini akiegemea, uzito wote unatua kwenye kile kitofali, na kitofali kinatua kwenye eneo dogo la kioo. Ukifika unafungua, unakuta doa jeusi kama wino uliomwagika. Hakuna aliyeidondosha.

Hata kitu kidogo sana kinatosha. Mwaka 2020 Apple iliwaonya wenye MacBook wasifunge mfuniko ikiwa wamebandika kizibo cha kamera, kwa sababu nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno na kioo kinaweza kupasuka. Sasa kama kizibo chembamba vile kinaleta shida, fikiria spika ya sikioni iliyosahaulika juu ya kibodi, au punje ya mchanga wa Mbagala.

Mtikisiko, na ile diski ya kizamani

Hapa ni kwa wapanda bodaboda. Kama laptopu yako bado inatumia hadi diski ya kawaida, ile yenye sahani ndani, ujue sahani hiyo inazunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali ambao jicho halioni. Kikigusa sahani wakati inazunguka, mafaili yako yanakwaruzwa. IBM walilijua hili mapema. Mwaka 2003 walianza kuweka kwenye ThinkPad kitambuzi kinachohisi mtikisiko na kukiondoa kile kichwa juu ya sahani kabla mambo hayajaharibika.

Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo matuta hayaisumbui. Kama una laptopu yenye diski ya zamani na unatembea nayo, badilisha. Katika matengenezo yote ninayoyajua, hili ndilo lenye faida kubwa kwa pesa ndogo, na laptopu itakuwa nyepesi kufanya kazi mpaka utashangaa.

Na kwa yeyote, mwenye SSD na asiye nayo: usifunge mfuniko tu ukatumbukiza begini. Mara nyingi imelala tu, haijazima, na inaweza kuamka yenyewe humo ndani, feni ikakosa hewa, ukafika ofisini na kitu cha moto kama pasi. Izime kabisa.

Sasa tulinganishe

Jina la kampuni peke yake halikuambii kitu. HP hao hao wanaotengeneza EliteBook wanatengeneza pia laptopu za kawaida za inchi 15 za kukaa nyumbani. Dell wana Latitude, halafu wana Inspiron. Lenovo wana ThinkPad, halafu wana IdeaPad. Nembo moja, mwili tofauti. Kwa hiyo tazama ukoo, siyo kampuni.

*Laptopu za ofisi, mtumba.* Hizi ni ThinkPad za herufi T na X, Dell Latitude za 5000 na 7000, na HP EliteBook. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni makubwa, ambayo yananunua mia tano kwa mkupuo na hayataki kusikia habari za bawaba. Zikishatumika huko Ulaya au Marekani miaka mitatu au minne zinabadilishwa, zinauzwa kwa jumla, nyingi zinapitia Dubai, na mwisho zinafika Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi.

Ndani yake utakuta bawaba zimefungwa kwenye chuma au fremu ya magnesiamu, siyo plastiki tupu. Mfuniko wa EliteBook ni wa alumini. Mwili wa ThinkPad nyingi ni plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na X1 Carbon ina nyuzi za kaboni. Plastiki ya namna hii usiidharau. Ukiiminya inajipinda kidogo kisha inarudi. Alumini ikigonga kona inabonyea na kubaki hivyo, na kona iliyobonyea wakati mwingine inasukuma kioo.

Kizazi cha 2018 ndicho ninachokipenda mimi: ThinkPad T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5. Zote zina kioo cha inchi 14 na uzito wa karibu kilo moja na nusu. RAM inabadilishika, SSD inabadilishika, betri inabadilishika. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje unayoichomoa kwa mkono bila hata bisibisi. Mwaka uliofuata T490 ikaja bila betri ile ya nje, na RAM moja imegandishwa kwenye mazabodi. Mpya siyo kila mara ni bora.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania kizazi hicho. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha 8. Sasa kuwa makini, kwa sababu hizo hizo T480 na wenzake ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7. Ukiona i5-7200U au i5-7300U, hiyo ni ya 7. Unachotaka ni i5-8250U au i5-8350U. Muuzaji atakwambia "zote sawa bosi." Siyo sawa.

Udhaifu wao? Zimeshatumika. Betri imechoka, raba za chini zimetoka, na T480 inachajiwa kwa tundu la USB-C lililogandishwa kwenye mazabodi. Tundu hilo likilegea, kazi ya fundi ni kubwa. Latitude 7490 ina tundu la duara lililounganishwa kwa waya wake, kwa hiyo likifa linabadilishwa lenyewe bila kugusa mazabodi. Kwa mtu anayechaji popote anapopata soketi, hilo ni jambo la maana.

*Laptopu za shule.* Hizi watu wanazipita bila kuzitazama kwa sababu ni ndogo na sura haivutii. Inchi 11.6, mnene kidogo, pembeni imezungushiwa raba. Kuna Lenovo ThinkPad 11e, Dell Latitude 3190, HP ProBook x360 11 zenye herufi EE. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule za nje, na mtengenezaji alijua kabisa mtoto ataidondosha. Kwa mwili peke yake, hizi zinaweza kuzishinda laptopu za bei mara tatu yake.

Lakini usinunue ukitegemea makubwa. Prosesa zake mara nyingi ni Celeron au Pentium, na nyingine zina hifadhi ya gigabaiti 64 iliyogandishwa ambayo huwezi kuongeza. Kuandika, kusoma PDF, barua pepe, kujaza fomu za mtandaoni, sawa. Kuhariri video au kufungua programu za wahandisi, hapana. Angalia pia isije ikawa Chromebook, ambayo haiendeshwi na Windows na ina tarehe yake ya kuacha kupokea maboresho.

*MacBook Air.* Kwa kubeba, ni raha. Air ya M1 ya mwaka 2020 ina kilo 1.29, haina feni, kwa hiyo hainyonyi vumbi, na betri yake inakaa sana. Mwili ni alumini iliyochongwa kutoka kipande kimoja na bawaba zake ni imara. Mfuniko unaoachama kama kiatu hutaukuta huku.

Shida yake ni pale inapoharibika. RAM na hifadhi vimegandishwa kwenye bodi. Maji yakiingia na bodi ikafa, na mafaili yako yanakwenda nayo. Kioo kikipasuka, bei ya kioo inaweza kukununulia laptopu ya ofisi ya mtumba, na nafasi kati ya kioo na kibodi ndiyo ile ndogo tuliyoizungumza. Mwili mgumu, matengenezo magumu.

Kwenye mtumba kuna mtego mmoja. MacBook Pro nyingi za 2016 mpaka 2019, pamoja na Air za 2018 na 2019, zina kibodi ya kipepeo, ambayo punje ya vumbi inatosha kukwamisha kitufe. Juni 2018 Apple walianzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 walikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja Marekani. Kwa vumbi letu hili, ziache. Air ya 2017 kurudi nyuma ina kibodi ya kawaida na chaja ya sumaku, mtu akikanyaga waya chaja inachomoka yenyewe na laptopu inabaki mezani. Ila imeshazeeka. Ya 2020 yenye M1 ndiyo salama.

*Mpya za bei rahisi.* Sizisemi vibaya zote. Zina waranti, betri ni mpya, na kama laptopu itakaa mezani nyumbani itadumu vizuri tu. Ila kwa kubeba kila siku, kioo cha inchi 15.6 kwenye mfuniko wa plastiki laini ni eneo kubwa la kubanwa. Na waranti nyingi hazihesabu kasha lililovunjika kuwa kosa la kiwandani. Watakuambia umeiangusha. Sisi tuliambiwa hivyo.

*Toughbook.* Kuna watu wakisikia "imara" wanataka Panasonic Toughbook, zile zenye mkono wa kubebea, zilizoanza mwaka 1996. Ni imara kweli kweli. Ila zile kubwa zinazidi kilo tatu. Kama hufanyi kazi mgodini au kwenye mnara wa simu, mgongo wako utaharibika kabla ya laptopu.

"Hii ni ya kijeshi bosi"

Muuzaji atakuonyesha maandishi MIL-STD-810. Hicho ni kipimo halisi cha jeshi la Marekani, kilianza mwaka 1962, na toleo la 810H ni la mwaka 2019. Kina majaribio mengi: joto, baridi, unyevunyevu, vumbi, mtikisiko, kuanguka.

Lakini Pentagon haiitoi laptopu cheti. Kampuni yenyewe inachagua ni majaribio gani ifanye, inajipima au inalipa maabara, kisha inaandika kwenye boksi. Chukua jaribio la kuanguka. Ni mara 26, yaani kila upande, kila ukingo na kila kona. Wengi wanadhani laptopu moja inaangushwa mara 26 na bado inawaka. Kipimo kinaruhusu kugawana hizo mara 26 kwenye laptopu hadi tano.

Kwa hiyo maandishi hayo siyo uongo. Yanaonyesha kuwa kuna mtu kiwandani aliwaza habari ya uimara. Ila yasikufanye uruke kuikagua mwenyewe.

Ikague dukani, dakika tano tu

Weka laptopu mezani. Inayumba? Chini inaweza kuwa imepinda, au betri imevimba. Tazama pia kile kibao cha kuchezesha kidole. Kama kimeinuka au hakibonyei vizuri, betri inakisukuma kutoka chini. Betri iliyovimba ni hatari ya moto, iache hapo hapo hata kama umepunguziwa bei.

Fungua polepole kwa kushika katikati, sikio likiwa karibu na bawaba. Hutakiwi kusikia mlio. Tazama kama kuna upenyo kati ya mfuniko na fremu ya kioo pale kwenye kona za chini. Upenyo mdogo wa leo ndio mpasuko wa baada ya miezi mitatu.

Ikiwa imewaka na kioo kina picha nyeupe, bonyeza kwa upole nyuma ya mfuniko kwa kidole. Ukiona mawimbi kama ya maji kwenye picha, mfuniko ni laini na kioo kitakuwa kinabeba mzigo wote begini. Halafu sogeza mfuniko mbele na nyuma mara kadhaa. Mistari ikitokea, waya wa kioo una shida.

Inyanyue kwa mkono mmoja ukishika kona ya mbele. Mwili mzuri unabaki bapa, mwili mbaya unalia na kujikunja. Wauzaji wengine hawapendi ukifanya hivi. Mimi nikikatazwa naondoka.

Chomeka chaja uitikise kidogo. Chaji isikatike.

Mwisho, fungua dirisha la amri la Windows uandike *powercfg /batteryreport*. Litatengeneza ripoti yenye namba mbili muhimu: betri ilikuwa na uwezo gani ikiwa mpya, na sasa inajaa kiasi gani. Kama imebaki nusu, bei nayo ishuke.

Na kabla hujatoa pesa, pita kwa fundi mmoja muulize: kasha na bawaba za hii zipo? Kwa ThinkPad, Latitude na EliteBook jibu kwa kawaida ni ndiyo, kwa sababu zimeingia nyingi na nyingine zinachinjwa kwa ajili ya spea.

Begi nalo lina kesi

Chukua begi lako, ingiza mkono kwenye mfuko wa laptopu mpaka chini. Kama vidole vinagusa kitambaa cha mwisho cha begi, basi kila unapoliweka chini, laptopu ndiyo inayotua kwanza. Begi zuri lina mfuko ulioning'inia, unaishia vidole vitatu juu ya sakafu ya begi. Kama huna, kunja kipande cha godoro kiweke chini. Hakuna atakayekiona.

Laptopu ikae upande wa mgongo wako, mfuniko ukielekea mgongoni, madaftari yafuate kama ngao. Chaja iende mfuko wa nje.

Chupa ya maji isikae mfuko mmoja na laptopu, hata kama umeikaza vipi. Utasikia kwamba ThinkPad ina vitundu vya kupitisha maji kutoka kwenye kibodi, na ni kweli, maji yakimwagika juu ya vitufe yanatokea chini. Lakini mfumo huo umetengenezwa kwa laptopu iliyokaa mezani. Ndani ya begi imesimama wima, na maji yanaingilia popote, hata kwenye matundu ya feni. Mvua za masika na bodaboda, beba mfuko wa nailoni wa kuifunga.

Mdogo wangu sasa anatembea na T480 ya mtumba. Imechubuka kona, kitufe cha herufi E kimeanza kufutika, na betri ya nje tumeshabadilisha mara moja. Bawaba bado ziko kimya. Ile mpya ya boksi fundi aliitoboa mfuniko akapiga bolti mbili. Ipo nyumbani juu ya kabati la sebuleni, imefunguliwa muda wote na hairuhusiwi kufungwa. Mama anaangalizia tamthilia.